Sura ya Nne: Jina Ukutani

Mwishoni mwa Agosti 1972, kikundi cha wapimaji wa mapango kilikuwa kikitambaa chini ya Flint Ridge, kilima kilichoko katika jimbo la Kentucky, Marekani, taa zao zilipomulika maandishi kwenye ukuta wa mwamba. Lilikuwa jina la mtu: Pete H. Kando yake palichorwa mshale.

Hawakutarajia kukuta alama ya binadamu mahali pale. Walikuwa mbali mno na mlango walioingilia, ndani ya njia ambazo hazikuwamo kwenye ramani yao yoyote. Kama kuna mtu aliyewahi kupita, basi hakupitia mlango wao. Alitokea upande wa pili, upande wa Mammoth Cave, pango maarufu la watalii lililoko ng'ambo ya bonde. Na mshale wake ulielekea hukohuko.

Tarehe 9 Septemba watu sita wakiongozwa na John Wilcox walirudi kuufuata. Miongoni mwao alikuwa Patricia Crowther, mwanamke mwembamba ambaye awali alikwisha kujipenyeza kwenye ufa uliowashinda wenzake na kuifungua njia hiyo. Waliandama mto wa chini ya ardhi, maji yakawapanda mwilini, mpaka taa ya Wilcox ikaangukia kitu ambacho hakikuumbwa na maji wala mwamba: reli ya kushikia, iliyowekwa kwa ajili ya watalii. Mapango mawili yakawa moja, lenye kilomita 232 za njia zilizopimwa. Siku hiyo Mammoth ikawa pango refu kuliko yote yanayojulikana duniani, na sifa hiyo haijapokonywa hadi leo.

Sura hii inahusu gemu za kompyuta. Inaanzia pangoni kwa sababu safari ya kuzipa majina na kuzichorea ramani nchi za ndani ya kompyuta ilianzia pangoni, na pango lenyewe ndilo hili.

Ramani ya kichwani

Miaka 130 kabla ya Wilcox na wenzake, pango la Mammoth lilikuwa na mjuzi wake mmoja. Aliitwa Stephen Bishop, kijana mweusi aliyekuwa mtumwa. Mwaka 1838 mmiliki wake alimpeleka kufanya kazi ya kuwaongoza wageni pangoni. Wakati huo, ziara zote ziliishia kwenye shimo lililoitwa Shimo Lisilo na Mwisho. Bishop alilivuka mwaka huohuo, na ng'ambo yake akakuta mito yenye samaki wasio na macho na kumbi ambazo wageni walikuwa bado hawajazitembelea.

Mwaka 1842 aliagizwa achore ramani. Aliichora kwa kumbukumbu, akiwa mbali na pango. Ilipochapishwa miaka michache baadaye iliwekwa jina lake, jambo la nadra sana kwa mtumwa katika Marekani ya enzi hiyo, na watu waliitegemea kwa miongo kadhaa. Bishop aliachiwa huru mwaka 1856, akafariki mwaka uliofuata. Mtu ambaye sheria ilimhesabu kuwa mali ya mwingine ndiye aliyewafundisha wengine jinsi ya kutembea chini ya ardhi yao wenyewe bila kupotea.

Ramani ya pango si kama ramani ya mji. Hakuna kilele cha kusimama ukaiona nchi nzima, hakuna jua wala nyota za kukupa uelekeo. Unachokiona ni kile tu kinachomulikwa na taa yako. Kila hatua huna budi kuipima, na kila njia panda huna budi kuipa jina, kwa sababu ukirudi bila jina hutaweza kumweleza mtu ulikokuwa. Wapimaji hubandika alama kila kituo cha kipimo, mara nyingi herufi na namba tu. Moja ya alama hizo, Y2, iko kwenye pango la Bedquilt, sehemu ya mfumo huu wa Mammoth. Alama hiyo ikumbukwe.

Kutoka matope hadi teleprinta

Mume wa Patricia, Will Crowther, alikuwa mpimaji wa mapango kama mkewe. Kazi yake ya mchana ilikuwa ya namna nyingine kabisa: alikuwa mtunzi wa programu katika kampuni ya BBN huko Massachusetts, miongoni mwa wahandisi waliojenga ARPANET, mtandao uliokuja kuizaa intaneti. Nyumbani kwao palikuwa na teleprinta iliyounganishwa na kompyuta ya ofisini. Wapimaji walipotoka chini na madaftari yenye matope, yaliyojaa urefu uliopimwa kwa utepe na uelekeo uliosomwa kwenye dira, wanandoa hawa waliziingiza namba hizo kwenye mashine, nayo ikazigeuza kuwa michoro.

Baadaye ndoa ilivunjika. Will aliacha kwenda pangoni, na binti zake wawili aliwakosa. Kati ya 1975 na 1976 aliandika programu ya kuchezea nao walipomtembelea. Haikuwa na picha hata moja. Kompyuta iliandika kwa maneno mahali ulipo, nawe ukaandika neno moja au mawili: kaskazini, chini, chukua taa. Gemu hiyo iliitwa Adventure, na pango lililokuwa ndani yake lilikuwa Bedquilt. Will aliifuata ramani aliyoijua: wavu wa mlangoni, njia ya kutambaa, shimo la kushukia. Kulikuwa na chumba kilichoitwa Y2.

Mwaka 1977 Don Woods, mwanafunzi wa Stanford, alimwandikia Will kuomba ruhusa, akaipanua gemu hiyo kwa hazina, vibwengo na mafumbo zaidi. Ilisambaa kwenye vyuo na maofisi yaliyounganishwa na ARPANET. Na hapo kikazuka kitu ambacho mtunzi hakukiagiza kwa amri yoyote ya programu. Wachezaji walitoa karatasi na penseli, wakaanza kuchora.

Hawakuwa na njia nyingine. Skrini ilionyesha chumba kimoja kwa wakati, kama taa ya mpimaji. Mchezaji asiyechora alizunguka palepale. Sehemu iliyowatesa zaidi ilikuwa mzingile ambao kila chumba chake kilielezwa kwa maneno yaleyale, neno kwa neno. Ukihama kutoka kimoja kwenda kingine, huwezi kujua kama umesogea. Dawa waliyoigundua wachezaji ilikuwa kudondosha vitu. Acha funguo kwenye chumba cha kwanza, chupa kwenye cha pili, chakula kwenye cha tatu, kisha tembea. Ukiingia ukakuta chupa, umejua uko wapi. Vyumba vilivyokuwa havitofautiki vikapata majina: cha funguo, cha chupa, cha chakula. Ramani ikachorwa kuanzia hapo.

Gemu nyingi zilizofuata, ikiwemo Zork iliyotungwa na vijana wa MIT kuanzia 1977, zilijengwa juu ya tabia hiyo ya kumwacha mtu na karatasi yake ya miraba. Kompyuta zilipopata nguvu zaidi, gemu zikaanza kujichorea ramani zenyewe kwenye pembe ya skrini, na penseli ikawekwa kando. Wapo walioona kuna kitu kimepotea. Mwaka 2007 kampuni ya Kijapani ya Atlus ilitoa Etrian Odyssey kwa ajili ya Nintendo DS, kifaa cha mkononi chenye skrini mbili. Skrini ya juu ilionyesha msitu wa mzingile. Ya chini ilikuwa karatasi ya miraba, na mchezaji alipewa kalamu achore kuta, milango na mitego kwa mkono wake, ghorofa baada ya ghorofa. Kuchora ramani kulikuwa nusu ya mchezo, na watu waliipenda nusu hiyo.

Galaksi ndani ya kilobaiti 32

Pango la Will lilikuwa na vyumba ambavyo mtu aliviandika kimoja kimoja. Hatua iliyofuata ilikuwa kuacha kuandika.

Mwaka 1984 wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, David Braben na Ian Bell, walitaka kuiingiza galaksi ndani ya BBC Micro, kompyuta yenye kumbukumbu ya kilobaiti 32, ambayo leo haitoshi kuhifadhi picha moja ya simu. Orodha ya maelfu ya sayari, kila moja na jina lake, serikali yake na bei za sokoni kwake, isingeenea humo. Basi hawakuhifadhi orodha. Walihifadhi kanuni. Namba chache za kuanzia zinajumlishwa kwa utaratibu maalumu, na kila mzunguko unazaa sayari nyingine. Ukianza na namba zilezile, utapata sayari zilezile, kwenye kompyuta yoyote, mwaka wowote. Gemu hiyo, Elite, ilikuwa na galaksi 8 zenye sayari 256 kila moja.

Majina nayo yalizaliwa na kanuni. Mashine ilipewa jedwali fupi la jozi za herufi, nyingi zikiwa silabi timilifu: LA, VE, DI, SO, ZA, TI, BE. Ilizipanga ikapata Lave, sayari ya kuanzia safari, kisha Diso, Leesti, Zaonce. Sikio la Mswahili halisumbuki na Lave wala Diso. Konsonanti na vokali zinafuatana kama katika lugha yake. Lakini majina hayo hayakuchaguliwa kwa maana yoyote. Ni sauti tu zilizopangwa zikatamkika.

Kanuni ya Braben na Bell ingeweza kuzaa galaksi zipatazo trilioni 281. Mchapishaji wao, Acornsoft, aliwasihi wapunguze, kwa kuhofia kuwa wingi huo ungewafanya wachezaji waione mashine nyuma ya pazia. Galaksi mojawapo ilibidi itupwe kwa sababu sayari yake moja ilitoka na jina ambalo kwa Kiingereza ni tusi. Mashine haikujua imesema nini.

Hapo ndipo kiini cha sura hii kilipo. Kompyuta inaweza kuumba ardhi bila kikomo, na ikaipa kila ardhi jina. Lakini ardhi yenye jina haijawa mahali. Inakuwa mahali pale mtu anapopita, akaacha kitu ambacho mwenzake anayekuja nyuma anaweza kukifuata.

Nyota ya 94

Miaka 30 baadaye, Desemba 2014, Braben na kampuni yake ya Frontier Developments walitoa Elite Dangerous. Safari hii walijenga Njia ya Maziwa yote: mifumo ya nyota bilioni 400. Nyota zinazofahamika na wanaastronomia ziliwekwa mahali pake halisi kwa kutumia katalogi zao, na sehemu kubwa iliyobaki ikajazwa na kanuni. Februari 2017, wanasayansi walipotangaza kuwa nyota TRAPPIST-1, iliyo umbali wa takriban miaka 40 ya nuru kutoka kwetu, ina sayari saba, watu wa Frontier walikagua galaksi yao na kukuta kwamba karibu kabisa na mahali hapo kanuni ilikwisha kuweka nyota ndogo yenye kundi la sayari. Walichofanya ni kuirekebisha na kuipa jina linalostahili.

Kwa nyota bilioni 400, majina matamu ya silabi yasingetosha. Kwa hiyo jina la kila nyota ya kanuni ni anwani. Chukua Eol Prou RS-T d3-94. Eol Prou ni eneo. Herufi na namba zinazofuata zinaonyesha mchemraba ndani ya eneo hilo. Herufi d inaeleza kuwa kila upande wa mchemraba ni miaka 80 ya nuru. Namba ya mwisho ni nyota yenyewe ndani ya mchemraba. Mtu aliyezoea mfumo huu husoma jina akajua aelekee wapi, kama tarishi anavyosoma namba ya nyumba.

Katika gemu hii, anayefika kwanza kwenye nyota huandikwa jina lake juu yake, na jina hilo litaonwa na kila mgeni atakayefuata. Ila kuna sharti. Lazima arudi hadi kituoni na kuuza data aliyokusanya. Meli ikilipuka njiani, kazi yote ya miezi inapotea nayo, na nyota zile zinarudi kuwa hazijafikiwa na mtu. Ndiyo maana wavumbuzi wa gemu hii huendesha meli kwa uangalifu wa mzazi aliyebeba mtoto mchanga.

Upande wa mbali kabisa wa galaksi, miaka 65,000 ya nuru kutoka Jua letu, kuna nyota iliyozaliwa na anwani ya kawaida tu. Leo inaitwa Beagle Point, na jina hilo limo kwenye ramani rasmi ya gemu. Januari 2016 zaidi ya marubani elfu moja walifunga safari ya pamoja kuelekea huko, msafara ulioitwa Distant Worlds. Walipangiana vituo vya kukutania kila wiki, wakazuru nebula zilizopendekezwa na wenzao, na safari ikawachukua kama miezi mitatu. Mwaka 2019 walirudia, na safari ya pili ilikusanya zaidi ya watu elfu kumi. Wapenzi wa ramani miongoni mwao walikuwa wakiweka kumbukumbu za vivutio vya njiani: nyota pacha zinazokaribia kugusana, sayari yenye pete iliyo pana kuliko kawaida, mwezi ulio chini ya anga lenye rangi ya zambarau. Kila kimoja kilipewa jina na mtu aliyekiona.

Kisa kinachoonyesha vizuri nguvu ya majina haya kilitokea katikati ya 2016. Katika hadithi ya gemu kulikuwa na kituo cha angani cha Jaques, kilichoitwa kwa jina la mhudumu wa baa yake, kikiwa na injini za kuruka kutoka nyota hadi nyota. Kilitangaza kwamba kinarukia Beagle Point. Kikaruka, kikapotea. Kwa wiki kadhaa wachezaji walikitafuta katika galaksi nzima, hadi mmoja wao alipokikuta kimekwama kwenye Eol Prou RS-T d3-94, kiasi cha miaka 22,000 ya nuru kutoka nyumbani, kikiwa kimeharibika.

Wangeweza kukiacha. Badala yake waliamua kuhamia. Maelfu walisafiri hadi huko, wakakipelekea bidhaa kilizohitaji ili kikarabatiwe, na wengine wakaweka maskani. Anwani ndefu ikaondoka midomoni. Mfumo ule ukaitwa rasmi Colonia, na kuzunguka kwake vikafunguliwa vituo vingine vingi. Hakuna kilichobadilika katika kanuni iliyoizaa nyota ya 94. Kilichobadilika ni kwamba sasa watu wanaposema wanakwenda Colonia, wenzao wanajua wanakwenda wapi, na wanajua ni kwa nini pana watu.

Nani kagundua?

Agosti 2016 kampuni ndogo ya Hello Games, yenye makao Guildford, Uingereza, ilitoa No Man's Sky. Namba yake ilitangulia kuvuma kuliko gemu yenyewe: sayari 18,446,744,073,709,551,616. Hizo ni mbili iliyozidishwa kwa yenyewe mara 64, yaani idadi ya namba zote zinazoweza kuandikwa kwa tarakimu 64 za kompyuta. Ukiitembelea kila sayari kwa sekunde moja tu, utahitaji miaka bilioni 585.

Humu mchezaji ana haki ambayo Elite haimpi. Akifika kwanza, anaweza kuubatiza mfumo wa nyota, sayari, mmea, mnyama, hata jiwe. Usiku wa kwanza tu, kiongozi wa kampuni, Sean Murray, alitangaza kuwa wachezaji wamekwisha kusajili spishi milioni 10, idadi inayozidi zile ambazo sayansi imezitambua duniani. Majina yalikuwa ya kila namna. Wako waliotoa jina la mama, la mbwa aliyekufa, la mtaa waliokulia.

Msomaji wa Afrika Mashariki anayeicheza gemu hii hawezi kukosa kuona jambo moja. Chombo kinatua, skrini inatangaza kwamba ameigundua sayari. Anatembea hatua mia mbili, anakuta jengo, na ndani yake amekaa kiumbe mwenye lugha yake, biashara yake na historia yake. Kiumbe huyo naye hajaigundua?

Agosti 1858 Mwingereza John Hanning Speke alifika kwenye mwambao wa kusini wa ziwa kubwa, karibu na Mwanza ya leo, akaliita Victoria kwa heshima ya malkia wake. Ziwa lilikuwa na majina. Baganda waliliita Nalubaale, Wajaluo wakaliita Nam Lolwe, na wafanyabiashara wa Kiarabu wa njia za bara walilijua kama bahari ya Ukerewe. Wavuvi walivua humo vizazi na vizazi. Jina lililoingia kwenye ramani za dunia lilikuwa la yule aliyekuwa na uwezo wa kuchapisha ramani, na ndilo tunaloandika hadi leo kwenye vitabu vya jiografia vya shule zetu.

Ndiyo sababu nchi za ndani ya kompyuta zinastahili kuchukuliwa kwa uzito. Kwa mara ya kwanza mtu wa kawaida, popote alipo, anaweza kutua kwenye ardhi ambayo kweli hakuna mtu aliyeikanyaga, akaipa jina bila kumfuta mwingine. Watunzi wanaoweka wenyeji kwenye ardhi hiyo kisha wakamwita mgeni mgunduzi wanairudisha hadithi ya Speke mahali ambapo haikuhitajika.

Wachezaji wenyewe walikwenda mbali kuliko watunzi. Mwaka huohuo wa 2016 baadhi yao walianzisha Galactic Hub, jumuiya iliyochagua eneo moja la galaksi na kukubaliana kuishi jirani. Ulimwengu ule ni mpana kiasi kwamba bila makubaliano ingekuwa vigumu sana watu wawili kukutana. Wakajiwekea utaratibu wa majina: kila mfumo wa nyota ulianza na kiambishi cha jumuiya na namba ya mahali pake, ndipo likafuata jina alilolipenda mgunduzi. Gemu ilipoongezewa malango ya kusafiria mwaka 2017, kila sayari ikapata anwani ya alama 12 za michoro, nao wakaanza kupeana anwani hizo kama watu wanavyoelekezana nyumba.

Ramani yao ilikuwa na adui ambaye wapimaji wa Kentucky hawakumjua. Hello Games iliendelea kuiboresha gemu, na baadhi ya maboresho yaliigusa kanuni yenyewe inayoumba sayari. Mtu aliyeipa sayari jina kwa sababu ya majani yake ya kijani angeweza kuwasha gemu asubuhi akakuta jangwa. Jina lilibaki. Wanajumuiya walihama, wakapima upya, wakaandika upya.

Mwendo wa kwenda magharibi

Kanuni za kuumba ardhi zina mipaka, na mpaka nao ukapata jina. Katika matoleo ya awali ya Minecraft, gemu ya Msweden Markus Persson, dunia ya matofali iliendelea kujiumba kadiri mtu alivyotembea. Lakini katika umbali wa matofali 12,550,821 kutoka katikati, hesabu zilizidiwa. Vilima vilikatika, ardhi ikasimama kama ukuta uliotobolewa matundu marefu yasiyoisha. Watu wakapaita Far Lands, Nchi za Mbali.

Machi 2011 Mmarekani anayejulikana kama Kurt J. Mac alianza kutembea kuelekea huko kwa miguu, magharibi moja kwa moja. Bila kupumzika, mwendo huo ungemaliza saa zaidi ya 800. Yeye alitembea akiongea na watazamaji wake, akachimba kijishimo cha kulala kila jua lilipotua, na akaamua asitazame amefika wapi isipokuwa pale michango kwa shirika la Child's Play, linalosaidia watoto walio hospitalini, ilipofikia lengo walilopanga. Mamia ya maelfu ya dola yalichangwa. Septemba mwaka huohuo watunzi waliirekebisha hesabu na Nchi za Mbali zikafutwa kwenye matoleo mapya. Kurt aliendelea na toleo lake la zamani, kwa miaka mingi, kuelekea mahali ambapo kwa wachezaji wengine hapakuwepo tena.

Wengine walitafuta mahali palipokuwa na picha tu. Kwa miaka mingi Minecraft ilitumia kijipicha kidogo cha mandhari: maporomoko ya maji, miti kadhaa, mawingu. Kilipigwa ndani ya dunia fulani, lakini namba iliyoizaa dunia hiyo haikuhifadhiwa. Wachezaji walikipima kijipicha hicho tofali kwa tofali, wakasoma mahali pa mawingu, wakaandika programu za kujaribu namba moja baada ya nyingine, na watu wa kujitolea wakaazima kompyuta zao zifanye kazi usiku. Namba za kuchujwa zilikuwa trilioni 281, sawa na zile galaksi ambazo Braben na Bell waliambiwa wapunguze. Septemba 2020 waliipata. Mtu yeyote sasa anaweza kuiandika namba hiyo, akasimama mbele ya maporomoko yaleyale na kuyatazama.

Njia ya kutokea

Ramani ya Will Crowther nayo ilirudi ilikotoka. Gemu ilipokwisha kuenea, wapimaji waliendelea kushuka Bedquilt, na mmoja wao amesimulia safari aliyofanya na mwanamke ambaye hakuwahi kuingia humo. Njiani mwanamke huyo alisema angependa siku moja kuliona pango la Adventure. Kiongozi akamjibu kwamba ndiko wanakokwenda.

Tangu walipoingia, hakunyamaza. Alitaja kila chumba kabla hawajakifikia. Katika ukumbi wenye matundu mengi, ambao gemu iliufananisha na jibini ya Uswisi, alipenya kwenye njia ambayo kiongozi mwenyewe hakuwahi kuipita, akarudi baada ya muda na kusema kuwa mahali alipotaka kupaona pako vilevile alivyopatarajia. Kazi ya kupima ilipokwisha, kiongozi alimwachia atangulie. Akawatoa nje bila kukosea kona hata moja, kwa kuzifuata hatua alizozikariri akiwa ameketi mbele ya skrini yenye maneno matupu.

Walipita ndani ya mfumo uleule wa mapango ambao sehemu yake Stephen Bishop aliichora kichwani mwake, wakiongozwa na ramani ambayo baba mmoja aliiandika ili apate cha kucheza na binti zake.